Uru, Misri, Kushi au Etruria: vito vya kale vya kumpelekea sonara wako

Ukiingia duka la sonara leo, swali la kwanza ni gramu. Kidani kinawekwa kwenye mizani, namba inasomwa, inazidishwa na bei ya siku, halafu mwishoni, kama mtu aliyekumbuka chenji, sonara anaongeza: "Na ufundi." Nimekaa miaka kadhaa kwenye kona ya karakana moja nikitunga ushanga, na msimu wa harusi ukikaribia huja mteja na simu mkononi. Ana picha ya pambo la kale na anataka "kama hiki". Ukimwangalia vizuri ana picha nne, na ndizo zilizomnyima usingizi.

Mara nyingi picha hizo hutoka sehemu nne. Kuna Uru, mji wa Wasumeri kusini mwa Irak, ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa Ibrahimu; makaburi yake ya kifalme ni ya kati ya 2600 na 2450 KK hivi. Kuna Misri, ambayo ni miaka elfu tatu ya kazi, si Tutankhamun peke yake. Kuna Kushi, ufalme wa Nubia katika Sudan ya leo, wenye miji ya Napata na Meroe. Yule towashi wa Matendo ya Mitume aliyeisimamia hazina ya malkia wao, Kandake, alitoka huko. Na kuna Etruria, Italia ya kati kabla Roma haijapata nguvu, ambako kazi ya dhahabu ilifika kileleni katika karne ya 7 KK.

Wote wanne walipenda dhahabu. Ila ukiwauliza thamani ya pambo iko wapi, kila mmoja anakujibu lake, na hapo ndipo mizani ya dukani inaposhindwa kukusaidia. Kwa hiyo mimi nawalinganisha kwa mambo matano: malighafi, mkono wa fundi, pambo linasema nini, linavalika vipi, na mfano halisi wa kujifunzia uko wapi.

Malighafi

Kusini mwa Irak ni matope na matete. Hakuna dhahabu, hakuna fedha, wala jiwe la kujivunia. Ndiyo maana kaburi la Puabi, yule mwanamke ambaye mhuri wake unamtaja kwa cheo cha kimalkia, linashangaza: kila kilichomo kilisafiri. Lapislazuli, lile jiwe la buluu iliyokoza, lilitoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Akiki nyekundu ilitoka upande wa bonde la Indus. Uru ililipia umbali. Kwako wewe leo, akiki si shida. Akiki ya Gujarat ilikuja kwa majahazi mpaka Kilwa karne nyingi baadaye, na mpaka sasa sonara wengi wanayo kwenye kidroo. Mtego upo kwenye ile buluu. Jiwe jeupe hupakwa rangi likauzwa kwa jina la lapislazuli. Chukua pamba, itie dawa ya kufutia rangi ya kucha, sugua sehemu ya ndani ya tundu. Pamba ikitoka na buluu, mrudishie mwenyewe. La kweli mara nyingi lina vitone vya manjano vinavyometa kama vumbi la dhahabu, ingawa si dhahabu.

Misri ilikuwa na dhahabu yake jangwani, akiki yake, na feruzi ya Sinai. Lapislazuli nayo iliiagiza mbali. Lakini jambo la Misri ambalo wateja hawalitarajii ni hili: sehemu kubwa ya buluu na kijani unayoiona kwenye vidani vyao si jiwe kabisa. Ni fayensi. Unasaga mchanga mweupe wa kwatzi, unachanganya na magadi au jivu la mimea na shaba kidogo, unafinyanga. Kinapokauka, chumvi inapanda juu yenyewe. Ukichoma, ile chumvi inayeyuka na kuwa ngozi ya kioo. Wamisri waliita kitu hicho *tjehenet*, kinachong'aa, na hawakukionea haya. Fayensi imekutwa na maskini, na imekutwa pia kaburini kwa mfalme.

Kushi ilikaa juu ya dhahabu, haikuhitaji kuitafuta. Ilichoongeza ni kioo cha rangi kilichoyeyushwa ndani ya vyumba vidogo vya dhahabu, yaani enameli. Etruria yenyewe ilitumia dhahabu kwa uchoyo wa busara: bati jembamba, lenye uwazi ndani, uzito mdogo kuliko jicho linavyodhani. Mteja akija na gramu chache na ndoto kubwa, kwa upande wa dhahabu Etruria haimwonei.

Mkono wa fundi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Tazama karibu pambo la Kietruski. Utaona michoro inayofanana na unga uliomwagwa kwa mpangilio. Kila chembe ya unga ule ni tufe la dhahabu, mengine hayafiki nusu milimita. Kutengeneza tufe si kazi: kata vipande vya waya, vizike kwenye vumbi la mkaa, pasha moto, dhahabu ikiyeyuka hujikunja yenyewe kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Kazi ni kuyabandika. Lehemu ya kawaida ikiyeyuka inafurika, inajaza nafasi kati ya tufe na tufe, na mchoro wako unageuka uvimbe.

Wataliano wa karne ya 19, familia ya Castellani ya Roma, walihangaika na jambo hilo miaka mingi, wakawaendea hata masonara wa vijijini, wakakaribia bila kufika. Mwaka 1933 Mwingereza aitwaye Littledale alisajili njia inayokubaliana na kazi ya kale. Hutumii lehemu ya kawaida. Unasaga madini ya shaba ya kijani, unachanganya na gundi, unabandika tufe zako. Ukipasha moto, gundi inaungua kuwa kaboni. Kaboni inainyang'anya shaba oksijeni. Shaba safi inayobaki inaingia kwenye dhahabu pale tu zinapogusana, na pale tu panayeyuka mapema kuliko kwingine. Inatokea karibu nyuzi 890 za Selsiasi, chini ya nyuzi 1064 ambazo dhahabu tupu huyeyuka. Ukipita kidogo umeharibu.

Nimeshuhudia kuharibika huko. Fundi mmoja mzuri, mwenye mkono mtulivu, alijaribu kwa fedha kwanza: hereni moja, tufe kama mia hivi, siku mbili za kupanga kwa unywele wa brashi. Akawasha moto, sote tukainama kutazama. Tufe zikang'aa, zikashika, na kabla hajaondoa mkono hereni nzima ikalegea kama siagi. Alichosema sitakiandika hapa. Basi ukisikia bei ya ufundi wa Kietruski, usidhani unaibiwa.

Misri inataka aina nyingine ya uvumilivu. Kile kidani kipana cha mabegani, *usekhi*, ni safu juu ya safu za ushanga wa mirija, na nyuzi zote zinakusanyika kwenye vipande viwili vya mwisho, vya nusu duara au vya kichwa cha kipanga. Kwenye kaburi la waziri Rekhmire huko Thebes kuna picha ya mafundi wakitoboa ushanga kwa keekee ya uta, uta mmoja ukizungusha misumari kadhaa kwa pamoja. Kutunga usekhi mtu yeyote anayejua uzi na sindano anaweza, akipewa wiki. Kazi ya kujaza mawe yaliyokatwa ndani ya vyumba vya dhahabu, kama ile ya mapambo ya kifuani ya mabinti wa kifalme wa Dahshur na Lahun, ni habari nyingine: kila jiwe linachongwa kwa kipimo cha chumba chake. Kama sonara wako hachongi mawe, muombe enameli badala yake, na ukifanya hivyo umeshahamia Kushi bila kujua.

Uru ndiyo rahisi zaidi kati ya zote, na nasema hivyo kwa heshima. Majani ya taji la Puabi ni bati la dhahabu lililofuliwa, likakatwa, likatiwa mshipa wa katikati kwa ncha butu. Fundi wa kawaida anaweza. Kushi inahitaji anayejua enameli na bawaba, kwa maana bangili za Malkia Amanishakheto, za mwisho wa karne ya 1 KK, zinafunguka katikati kama mlango, na kwenye bawaba amesimama mungu wa kike mwenye mbawa.

Linasema nini

Misri ndiyo yenye sarufi iliyo wazi. Kijani ni kuchipua, nyekundu ni damu na uhai, buluu ni mbingu. Dhahabu ni nyama ya miungu, na fedha mifupa yao. Kuna pia dhahabu ya kutuzwa: mwanajeshi Ahmose mwana wa Ebana aliandika kaburini kwake kwamba alipewa dhahabu ya ushujaa mara 7. Nzi wa dhahabu walikuwa nishani. Mteja anayetaka kila rangi iwe na sababu, atosheke na Misri.

Kushi inasema mamlaka. Kwenye hekalu la simba huko Naga, Malkia Amanitore amechongwa mwili mnene, mabega mapana, mikono imejaa, akiwapiga maadui sawasawa na mfalme aliye upande wa pili. Vito vyake havimpunguzi, vinamkuza. Wafalme wao nao walivaa vichwa vya kondoo dume wa mungu Amuni shingoni, na pete nene za jiwe kwenye gumba, alama ya mpiga upinde. Sijaona mtindo wa kale unaomfaa zaidi mwanamke mwenye umbo na anayejua hivyo.

Etruria inasema anasa ya mezani. Wanawake wao walijilaza kwenye karamu pamoja na waume zao, jambo lililowakera Wagiriki, na vito vyao ni vya kutazamwa kwa karibu, na mtu aliyekaa jirani yako.

Uru ni ngumu zaidi. Puabi hakuzikwa peke yake. Katika shimo jingine la makaburi yale, lile ambalo Leonard Woolley, mwakiolojia aliyeyachimbua, aliliita Shimo Kuu la Kifo, walikuwamo watu 74, karibu wote wanawake, wamepangwa kwa safu wakiwa na mapambo yao. Mmoja wao hakuwa na utepe wa nywele. Woolley aliukuta kiunoni kwake, wa fedha, umeviringishwa mkunjo kwa mkunjo kama ulivyotoka kwenye sanduku. Akadhani msichana yule alichelewa, akautia mfukoni, hakupata nafasi ya kuuvaa. Fedha za wenzake zilikuwa zimeoza. Ule wake, kwa kubana, ukadumu. Mimi taji la majani nalipenda sana, lakini mteja akitaka kulivaa arusini huwa namsimulia kwanza. Wengine hubadili mawazo. Wengine husema basi nitauvaa mimi kwa niaba yake, na hilo pia ni jibu.

Linavalika vipi

Hereni za Puabi ni miezi miwili mikubwa iliyopandana; inawezekana zilining'inia kwenye kofia ya nywele, si sikioni. Usijaribu sikioni. Taji lenyewe ni jepesi ila linatikisika, na majani yanalia yakigusana, sauti nzuri kwa dakika kumi, ya kuudhi kwa saa tano. Kile kitana chake chenye maua 7 yanayosimama juu ya kichwa kinadai mtindo wa nywele wa kukishikilia.

Usekhi unatua vizuri kifuani, ila mbele ni mzito na unakuvuta shingo. Wamisri walilijua hilo: waliweka uzani mgongoni, kamba ya ushanga yenye kibao inayoshuka kati ya mabega. Mafundi wengi wa leo wanakisahau, na bi harusi anashinda siku nzima akivuta kidani nyuma. Kikumbushe. Kuna pia usekhi wa siku moja: katika shimo la KV54, Bonde la Wafalme, zilipatikana taji za shingo za majani na maua halisi, zimeshonwa pamoja na vishanga vya fayensi ya buluu, mabaki ya maziko ya Tutankhamun. Waliozoea kikuba cha asumini hawatahitaji maelezo.

Bangili za Kushi zinafungwa na kukaa, hazisumbui mtu. Pete zao zenye umbo la ngao ni kubwa, si za kuvaa ukipika. Za Kietruski inategemea: hereni ndogo unasahau umevaa, lakini bizimu kubwa kutoka kaburi la Regolini-Galassi, lililofunguliwa Cerveteri mwaka 1836, ina zaidi ya sentimita 30. Hiyo itundike ukutani.

Mfano wa kujifunzia

Vya Uru viligawanywa kati ya Baghdad, London na Philadelphia, na picha zake nzuri ni nyingi. Ujue tu kwamba vichwa unavyoviona vimevalishwa upya: Katharine, mkewe Woolley, alifinyanga kichwa cha kuonyeshea taji, na mpangilio wa baadhi ya ushanga ni makisio ya waliotangulia.

Vya Misri viko vingi kupita kiasi, pamoja na hasara zake. Katika kaburi la Mfalme Djer huko Abydos, mwakiolojia Mwingereza Petrie alipata mkono umefungwa kitani na bangili nne za dhahabu, feruzi na mawe mengine, za karibu 3000 KK. Ulipofika makumbusho ya Cairo, mhusika alizichukua bangili na mkono akautupa. Namna zilivyovaliwa tunaijua kwa kuwa Petrie aliandika mapema.

Kushi ndiyo yenye kidonda. Giuseppe Ferlini, daktari Mtaliano, aliibomoa piramidi ya Amanishakheto mwaka 1834 akatoka na hazina yake, kisha akahangaika kuiuza Ulaya kwa sababu wapo walioshuku ni ya bandia. Haikuwaingia akilini kwamba kazi ile ni ya Waafrika weusi. Leo imegawanyika kati ya Munich na Berlin. Tunu ya kipindi cha kabla, kile kidani cha tufe la jiwe angavu chenye kichwa cha dhahabu cha mungu wa kike Hathori juu yake, kutoka el-Kurru, iko Boston. Na Makumbusho ya Taifa ya Khartoum yameporwa katika vita vilivyoanza 2023. Kwa Kushi tegemea katalogi za Ujerumani zaidi.

Etruria iko Vatikani na kwenye makumbusho mengi ya Italia. Tafuta picha zilizokuzwa, la sivyo utaona dhahabu tu na kukosa unga.

Kwa hali yako

Bajeti ndogo, na unataka mtu akiona aseme "hii ni ya kale": chukua usekhi wa fayensi, au wa ushanga wa kioo ukikosa fayensi. Hakuna Mmisri angekucheka.

Una dhahabu ya bibi ya kuyeyusha na unataka ibaki nzito, ya kurithisha: bangili ya Kushi yenye bawaba. Enameli ikipasuka hutengenezwa, dhahabu inabaki.

Gramu ni chache lakini una mwaka mzima na fundi unayemwamini: hereni za Kietruski, jozi moja, na umlipe kwa siku, si kwa gramu. Akikwambia atamaliza wiki ijayo, atatumia lehemu ya kawaida.

Unatafuta pambo la kichwa la saa chache, la picha na la kuingilia ukumbini: majani ya Uru, hata ya shaba iliyopakwa dhahabu. Akiki na buluu ziwe za kweli, maana kwao ndizo zilizokuwa na hadhi.

Mwanafunzi wa ufundi anayeanza, nampeleka Uru kwanza kwa bati, kisha Misri kwa uzi. Enameli mwaka wa pili. Tufe aziache mpaka awe ameshachoma hereni zake mwenyewe, si za mteja.

Ukishachagua, usiende kwa sonara na picha ya mbele peke yake. Tafuta na ya nyuma, ile inayoonyesha vitundu vinakaa wapi, uzi unaingilia upande gani na kifungo kinashika vipi. Picha ya mbele tayari anayo kwenye simu. Wateja watatu wamemtumia mwezi huu.